Chungu cha Kutoka

Wanawake wa Beseni hawakupiga kura na hawakuandika majina. Zamani, mwanzo mwanzo, walimtafuta kijana mmoja wa masomo awashikie kalamu, na kijana akaandika yale yaliyompendeza yeye, basi wakaachana na kalamu. Tangu hapo, jambo likishasemwa mpaka likaisha, mwenye lopango, ua walimokutania, alipika, akamimina bugali na mboga katika beseni kubwa la bati, na kila mama aliyekubali alikata tonge akala. Asiyekubali alitia mikono mapajani, jambo likafia hapo, watu wakaongea mengine.

Kutoka katika chama nako kulikuwa na njia yake. Mwenye kutaka kutoka alipika kwake, kwa kuni zake mwenyewe, akaleta chungu mbele ya wenzake. Wote wakila, ametoka na fungu lake la pesa za chama, wanamsindikiza kwa nyimbo mpaka njia panda. Mmoja akikataa kula, bado yumo. Lakini kukataa huko hakuna aliyewahi kukuona. Waliotoka ni wale waliorudi Butembo kuzeeka, au waliofuata waume zao Kisangani, na vyungu vyao vilirudi vimelambwa.

Mbambu alikuwa mmoja wa walioyaweka mambo hayo. Walikuwa wageni Bunia wakati ule, wake za wafanyabiashara waliotoka upande wa Lubero, hawana shangazi wala dada wa kulia naye hapa, wakalifanya beseni kuwa ukoo. Kwa hiyo yeye, kuliko wote, hakuwa na ruhusa ya kusema hakujua.

Siku jambo hili lilipoanza alikuwa anatoka Mahagi-Port na samaki wake wa chumvi. Kamiyo, lori alilopanda, ilizama katika tope kabla ya Fataki. Abiria wakalala juu ya magunia, asubuhi wakasukuma, ikatoka, ikazama tena mbele kidogo. Alipofika Bunia hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, isipokuwa ndizi. Akaacha vifurushi kwa mlinzi wa soko, akashika njia ya nyumbani, na njia ya nyumbani inapita kwa Kavira, rafiki yake wa tangu wote wawili wangali wanabeba watoto mgongoni.

Kavira alikuwa amesimama langoni.

"Mama Françoise, unapita sawa mutu ya polisi? Ingia ukule."

"Niko na matope mupaka kwa masikio."

"Masikio haikule. Nawa mikono."

Ndani wamama wote walikuwa wamekaa, beseni katikati. Mbambu alifikiri ni mambo ya mjukuu wa Kavira, aliyebatizwa juma lile. Hakuuliza. Akakata tonge, akachovya katika sombe ya majani ya mihogo, akakata lingine. Alikula vizuri, kama mtu aliyesukuma kamiyo. Aliona tu kwamba hakuna anayeongea, na kwamba binti yake Françoise, aliyeingia katika chama tangu alipoolewa, anamwangalia mkono na si uso.

Alipolamba vidole, wamama wakapiga makofi.

"Beseni imetimia," akasema Emérance, mzee wao.

"Imetimia ya nini?"

Kaswera, ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia shingoni. "Weye unakula kwanza, unauliza nyuma? Na bwana yako alikuoa vile vile?"

"Ya aksio," Emérance akamjibu. "Ile ya Anaclet."

Hapo akaelewa amekula nini. Anaclet alikuwa tajiri wa kamiyo, na kabla Mbambu hajasafiri alikuwa amekuja kwa wamama na maneno mazuri. Wazungu wamepima milima ng'ambo ya Kilo. Si dhahabu wanayoitafuta. Ni jiwe lingine, jiwe la atome, ambalo Ulaya linachemsha maji mpaka miji mizima inapata umeme. Sosiete yake Anaclet, yaani kampuni yake, itafungua barabara na kulibeba jiwe hilo, na atakayeweka fungu lake ndani atakula faida miaka na miaka. Fungu hilo analiita aksio. Mafungu ya Beseni, yakikusanywa yote, yanatosha aksio moja. Likitoka la mtu mmoja tu, hayatoshi. Atayachukua mwanzo wa kiangazi, barabara ikikauka. Na wamama walikuwa wamekwisha kupatana kwamba faida ya kwanza itanunua mashini ya umeme kwa ajili ya maternite, nyumba ya kuzalia.

"Mbele ya kusafiri nilisema nini?" Mbambu akauliza. "Nilisema mungojee nifikiri."

"Na tumeona umefikiri," akasema Kaswera. "Umefikiri matonge mingi."

Wote wakacheka. Mbambu naye alicheka, maana uchovu ulikuwa mwingi na sombe ilikuwa tamu, na mtu hawezi kugombana na watu huku mkono wake bado unanuka chakula chao. Ni nyumbani, alipovua viatu, ndipo kicheko kilipomwisha.

Marehemu Gustave, mume wake, aliuza esansi, petroli ya magari. Wakati wa vita vya waasi wa Simba alikuwa na mapipa nyuma ya nyumba, akipima kwa chupa, akimuuzia kila aliyekuja. Wale vijana wenye majani kichwani nao walikuja, wakalipa, wakashukuru kwa adabu. Kabla jua halijazama wakaimwaga ile esansi juu ya karani wa posta, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, wakawasha. Hakuna mtu aliyemshitaki Gustave. Ila yeye mwenyewe alianza kusema, bila kuulizwa: "Miye niliuza tu." Alisema mezani, alisema akifunga kamba za viatu, alisema akiwa kwa kitanda cha kufa, mpaka padri akamshika mkono akamwambia, muzee, tumesikia. Mbambu aliishi na neno lile ndani ya nyumba kama mtu anavyoishi na mgeni asiyetaka kurudi kwao. Alipobaki mjane akajiwekea sheria moja tu ya biashara: kuuza kitu ambacho anajua kinaishia wapi. Samaki anaishia tumboni.

Kesho yake akamwita mkwe wake Xavier, mwalimu wa sayansi. Xavier alikuja akakaa upande wa mlango, kama mkwe anavyokaa, kofia juu ya goti, macho chini. Françoise alikuja naye, na mimba yake ya miezi sita, akaenda moja kwa moja jikoni kupepeta mchele wa mama yake.

"Mwalimu, ile jiwe inafanya nini?"

"Inatoa moto bila moshi, mama. Jiwe kidogo sawa ngumi inafanya kazi ya kuni ya musitu muzima. Ufaransa taa mingi inawaka na ile. Hata Kinshasa tuko na mashini yetu, ndogo, ya kujifunzia, tangu mbele ya uhuru. Haijauma mutu."

"Na ya Warusi?"

Mwaka ule radio zilikuwa hazisemi lingine. Mtambo wa Warusi umeungua, watu wamehamishwa na sahani zao mezani, maziwa yanamwagwa mpaka katika nchi ambazo hazikuwasha kitu. Sokoni Bunia wanawake waliangalia maziwa ya unga kwenye makopo, wakayarudisha.

"Ya Warusi iliungua," Xavier akakubali. "Walifanya kazi mubaya na wakaficha. Lakini kamiyo nayo inaanguka kila juma kwa mulima ya Mahagi, na weye unapanda."

"Kamiyo ikianguka ninaona shimo. Ninajua nani amekufa, ninaenda kulia kwake. Ya Warusi, wanajua nani?"

"Bado hawajui yote."

"Na bomu?"

Xavier aligeuza kofia juu ya goti. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa kwamba hasemi uongo hata pale uongo ungemsaidia.

"Mama, ile iliyoanguka Japani, jiwe yake ilitoka kwa inchi yetu, kule kusini. Hiyo ni kweli. Jiwe iko moja, njia iko mbili."

"Nani anachagua njia?"

"Mwenye kununua."

"Siyo mwenye aksio?"

"Mwenye aksio anapata faida yake, mama. Njia haimuhusu."

Mbambu aliinamisha kichwa. Alisikia kamba za viatu zikifungwa.

"Basi sitaki," akasema. "Nitapika chungu cha kutoka."

Jikoni ungo ulinyamaza. Françoise akaja mlangoni, mikono myeupe kwa unga wa mchele.

"Mama, weye unalia juu ya batu ya Japani. Mutoto yangu, utamulilia lini?"

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika maternite ile, akiwa na kamba ya kitovu shingoni, wakati taa ilipokwisha mafuta. Mkunga alimpapasa gizani. Walipopata mshumaa hakukuwa tena na haraka. Mbambu ndiye aliyemwosha mtoto yule, kwa maji ya vuguvugu, kama vile baridi ingeweza kumdhuru.

"Nilimulilia," akasema.

"Basi mashini ya umeme itatoka wapi?"

 Xavier alisimama, akaaga kwa heshima, akangoja mke wake nje. Françoise alimaliza kupepeta, akafunika mchele, akaenda bila kuaga.

Jumapili, baada ya misa, Mbambu alibeba chungu chake cha kwanza. Alikuwa amepika kuku kwa mafuta ya mawese na vitunguu, na harufu ilitembea mbele yake njia yote mpaka kwa Kavira. Akakitua katikati, akafunua.

"Nimepika ya kwangu," akasema, maneno yanayosemwa.

Wamama waliangalia kuku. Kaswera alimeza mate, kila mtu akasikia.

"Mama Françoise, unapika vizuri," akasema Emérance. "Mungu akubariki. Leo tumeshiba."

"Wote?"

"Wote."

Na kweli mikono yote ilikuwa mapajani, pamoja na ya Kavira, ambaye alikuwa akiangalia pembe ya nyumba. Mbambu alijua hesabu yao kama wao walivyoijua: akitoka na fungu lake, hakuna aksio. Angeweza kuliacha fungu akatoka mikono mitupu, Emérance alikuwa amemwambia hivyo kwa upole. Lakini fungu ndilo lililokuwa linaenda kwenye jiwe. Miguu yake ikitoka peke yake, isingezuia kitu.

Alirudisha chungu kichwani. Kilikuwa kizito kuliko wakati wa kwenda. Watoto wa jirani wakala kuku, wakasifu.

Akajaribu maneno. Alisema kwamba mafungu yote yanunue mashini ya kusaga mihogo, ambayo kila mtu anajua inaishia wapi.

"Inaishia kuharibika," akasema Kaswera. "Ya kaka yangu iko nyuma ya nyumba, kuku wanazaa ndani."

Akapika tena, mara hii mbuzi. Mara hii hata mbwa wa Kavira alifukuzwa mbali, isije mtu akasema kuna aliyekula. Wamama walikaa mbele ya ile nyama wakaongea habari za bei ya sabuni. Hawakumchukia. Hiyo ndiyo ilimchosha. Kama wangemtukana angepata mlango wa kupitia, angesema hawa si watu wangu, lakini walimwulizia mgongo wake, walimshikia kikapu, Emérance alimpa dawa ya kifua. Walimpenda kabisa, na hawakula.

Katika majuma hayo Anaclet alikuja sokoni. Alikuwa mtu mnene wa kucheka, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Alinunua samaki bila kubishana, kisha akavuta kreti ya chupa tupu akakaa.

"Mama, ninasikia unapika sana siku hizi."

"Batu hawana njaa, sitwayen Anaclet."

"Usiniite sitwayen, siye tuko kwa soko, hatuko kwa mukutano ya chama ya serikali." Akainua samaki mmoja kwa mkia. "Huyu alikuja na nini?"

"Na kamiyo yako."

"Na mbele ya yeye, kamiyo ilibeba nani? Ilibeba basoda na bunduki yao kwenda Mahagi. Walifanya nini kule? Sikuuliza. Na faida ya ile safari ndiyo ilinunua pine mupya ya gurudumu, na ile pine ndiyo ilileta samaki yako. Chumvi ilipita kwa mikono ya nani? Viatu yako? Ukitafuta mikono safi, mama, utakaa nyumbani, na nyumbani utakula nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba mvua inanyesha. Akafunga samaki wake katika gazeti, akamsalimia Françoise kwa kupitia yeye, akaenda.

Mbambu alikaa na maneno hayo mpaka soko likafungwa. Hakuweza kuyavunja. Alipangusa kisu, akapanga samaki waliobaki, akaona chumvi katika mikunjo ya vidole vyake na kufikiri juu ya safari yote ya chumvi hiyo, tangu ziwani, na wote walioishika. Anaclet alikuwa na haki. Ila kwa kamiyo, kwa chumvi, kwa viatu, hakuna aliyewahi kumwuliza. Kwa jiwe waliulizwa, wote, mmoja mmoja, na jibu lake lilitoka kwa njaa.

Mvua ilianza kupungua. Njia ya Kilo ikaanza kuwa nyeupe kwa juu. Emérance akasema kwamba Anaclet atakuja kuchukua mafungu Jumatatu.

Siku chache kabla ya Jumatatu hiyo, mama mzazi wa Kavira akafa. Alikuwa mzee sana, alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake, na wakamzika Bunia, juu kule, katika manyunyu ya mwisho ya msimu. Nyumba yenye kifo haiwashi moto mpaka marehemu alale chini. Marafiki ndio wanaopika kwao na kuleta. Mbambu aliwasha moto wake asubuhi, kabla ya mazishi, akaloweka samaki kutoa chumvi, akachambua majani ya lenga-lenga, na wakati wa kukata vitunguu akajua anapika nini.

Alikuwa anapika kwake. Kwa kuni zake. Ataleta mbele ya wenzake, na leo hakuna atakayekataa kula, maana kukataa chakula cha matanga ni kumkataa maiti. Watakula wote. Kisha atasema maneno yanayosemwa. Hakuna mahali palipowekwa kwamba maneno yatangulie. Kwake yeye yalikuja nyuma ya chakula, na wote walipiga makofi.

Aliongeza mafuta ya mawese. Aliongeza pilipili kidogo, kama Kavira anavyopenda. Alikuwa mtulivu, akashangaa utulivu wake.

Walirudi kutoka makaburini miguu imejaa udongo mwekundu. Katika lopango la Kavira wanaume walikaa upande wa barabara, chini ya hema la turubai, na wamama wa Beseni walikaa ndani ya ukuta, nguo mbichi mgongoni, kimya cha watu waliolia wakamaliza. Françoise alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu imenyooka, tumbo limemjaa mpaka magotini. Tangu alfajiri alikuwa akichota maji. Walimkataza, hakusikia.

Mbambu alitua chungu, akamimina ndani ya beseni lile lile, bugali upande, samaki upande. Mvuke ukapanda. Emérance akafanya ishara ya msalaba. Mikono ikanyooshwa bila mtu kufikiri, na wa kwanza ulikuwa wa Kavira, ambaye hakuwa amekula tangu mama yake alipofunga macho. Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachukua samaki.

"Mbambu," akasema, kwa sauti iliyokauka, "weye ndiyo ndugu yangu."

Tonge lilikuwa linapanda.

"Ngojeni," Mbambu akasema.

Mikono ikasimama.

"Hii chungu iko ya kutoka. Nilipika kwangu, na kuni yangu. Nilitaka mukule kwanza, niseme nyuma, sawa vile miye nilikula. Sasa nimesema mbele."

Nje mtu alikohoa. Kaswera aliangalia vidole vyake vilivyokuwa tayari ndani ya bugali, akavitoa taratibu.

"Kwa matanga, mama? Hata kwa matanga?"

"Hata kwa matanga. Nilikuwa nataka kuwafunga. Nimeshindwa. Chakula ni hiki, mwenye kukataa akatae. Na mama Kavira, unisamehe. Nitapika ingine kwa ajili ya marehemu."

Akainama ili alitoe beseni. Kavira akamzuia kwa mkono ule mwingine.

"Siku ile nilijua," Kavira akasema. Alisema mbele ya wote, bila kushusha sauti. "Nilikuona unakuja na njaa yako, nikasema, huyu akiulizwa atakataa, acha akule. Nilikuita nikijua. Na weye leo ulikuwa umenishika hapa, tonge kwa kinywa, ukaniambia ngoja."

Akala. Alitafuna kwa shida, kama mtu aliyesahau namna ya kula, akameza, akakata tonge lingine.

Emérance akavuta pumzi. "Miye nimezika leo," akasema. "Sina nguvu ya kuchukia samaki." Naye akala. Kisha mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeongea habari za aksio. Mmoja alisema pilipili iko sawa. Kaswera alikaa kidogo, akizungusha pete yake.

"Basi hiyo mashini ya kusaga mihogo iletwe," akasema. "Ikiharibika, mama Françoise, nitakucheka mupaka kwa kaburi yako." Akakata tonge kubwa kuliko yote.

Mbambu alikuwa bado amesimama. Kitu kifuani mwake, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu siku ya tope, kilianza kulegea, akaona aibu kwa furaha yake katika nyumba ya kilio. Akaangalia mkono mmoja mmoja unavyorudi kutoka katika beseni, ukiwa umechafuka kwa mafuta.

Mikono miwili ilikuwa safi. Françoise alikuwa ameishika chini ya tumbo lake, kidole ndani ya kidole.

Wamama wakamwona pia, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kutafuna.

"Mama, siwezi," Françoise akasema.

Hakusema kwa hasira. Mara zile zingine, mbele ya kuku na mbele ya mbuzi, mkono wake ulikuwa umefichwa kati ya mikono ya wote, na Mbambu hakuwa ameutafuta.

"Nikikula, ni miye nimezima ile taa ya maternite. Batu ingine wote wanaweza kuizima. Miye siwezi."

"Mutoto, heshimu mama yako," Emérance akasema. "Wakubwa wote wamekula."

"Ninamuheshimu."

"Mumuache," akasema Mbambu.

Alimwangalia binti yake. Midomo ilikuwa imepasuka. Miguu ilikuwa imevimba juu ya kifundo, udongo mwekundu umekaukia ndani ya mikunjo. Tangu alfajiri huyu mtu alikuwa amechota maji, amepanda kaburini na kushuka, na mbele yake kuna samaki wa kupikwa vizuri, na hawezi kunyoosha mkono, na hatanyoosha, kesho pia hatanyoosha, maana ni mtoto wa mama yake. Katika nyumba nzima ndiye peke yake aliyekuwa na njaa ya watu wawili.

Mbambu angeweza kungoja. Watu wangemsemesha Françoise, Xavier angeitwa kutoka upande wa wanaume, jua lingezama, na labda mkono ungetoka, kwa kuchoka. Aliijua mikono inayotoka kwa kuchoka.

"Neno nimeliondoa," akasema.

"Neno gani?" akauliza Kavira.

"Chungu haiko ya kutoka. Iko ya matanga tu."

Emérance aliweka chini tonge lake. "Mama Françoise. Anaclet anakuja Jumatatu. Unasikia? Jumatatu."

"Ninasikia."

"Na hapo fungu yako inaenda na zetu."

"Ninajua mahali inaenda, mama Emérance. Hiyo ndiyo shida yangu tangu zamani, ninajua." Akachuchumaa karibu na ukuta, magoti yakalia. "Françoise, kula."

"Mama, unasema kweli?"

"Kula, mutoto. Bugali inapoa."

Françoise alingoja kidogo, akiutafuta uso wa mama yake, kisha akanyoosha mkono. Tonge la kwanza alilikula polepole, kwa heshima. La pili halikuwa na heshima tena. Alikula kama mtu aliyesukuma kamiyo, akichovya, akimeza bila kutafuna vizuri, na machozi yake yakiingia katika mchuzi hakuyajali. Wamama wengine walisogeza beseni likamwelekea yeye. Kaswera alimsogezea maji ya kunywa.

Mbambu alivuta samaki mkubwa aliyebaki, wa tumbo nene, akampasua katikati kwa vidole. Alikuwa na miiba mingi, ile midogo ya pembeni inayokwama kooni. Akaanza kumtolea Françoise miiba, akiiweka juu ya ukingo wa beseni mmoja mmoja, na kusukuma nyama upande wake.